Kila Sentensi na Mdomo Wake

3 Machi

Mvua imeanza leo saa ya chai, na kama kawaida ya ofisi yetu paa likaanza kuvuja juu ya rafu ya herufi M. Tumezihamisha M na N zote, droo kwa droo, mpaka chini ya ngazi, Mkuu akitusimamia kama vile tumebeba mayai. Halafu akaketi akagawa herufi zilizobaki. Bwana Mkato kapewa S, mzigo wa punda wawili. Mimi nimepewa Q.

"Ni fupi," akasema Mkuu. "Utaimaliza kabla mvua hazijakatika."

Q ni herufi ya kumpa mtu aliyetoka kuugua. Sikuugua. Nimenuna njia nzima mpaka nyumbani.

5 Machi

Nikija kuyasoma haya uzeeni, akili imeshanikimbia, nijikumbushe mwenyewe: tulikuwa watu watatu tukitunga kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya shule za sekondari. Mkuu ni mhariri mkuu, mrefu, mkavu, hacheki. Bwana Mkato ndiye msoma prufu, msahihisha makosa kabla ya kuchapwa, na jina hilo amelipata kwa sababu haoni mahali pasipo na mkato bila kuumia. Aliwahi kusimama mbele ya duka la dawa akatoa penseli na kusahihisha kibao chao. Wa tatu ni mimi.

Mkuu ana sheria moja tu, nayo ameing'ang'ania miaka yote: hatutungi, tunasikiliza. Kila sentensi ya mfano lazima iwe imetoka kinywani mwa mtu. Unaisoma mezani kwa sauti, naye anauliza, "Nani kasema, wapi?" Ukisita, kadi inakwenda kapuni. Mwanzoni nilidhani ni ukorofi. Sasa nimezoea kiasi kwamba mtu akinisalimia tu natafuta penseli. Tangu niingie pale hakuna kadi yangu hata moja iliyotupwa kwa kukosa mdomo, na sioni aibu kujisifu.

8 Machi

Nimemaliza quarrel, neno la ugomvi. Mifano yote nimeipata kwa mama mwenye nyumba bila hata kutoka chumbani. Leo asubuhi amegombana na ndoo. Mwanamke yule ana roho ngumu na mdomo mpana, na kama si kodi yake kuwa nafuu ningeshahama.

9 Machi

Mvua.

11 Machi

Bwana Mkato amenifunika mwavuli mpaka mlangoni, yeye akilowa bega zima. Anakaa mwisho wa mtaa wetu na mke wake. Mtu muungwana sana. Nimemwambia mdogo wangu kwamba wanaume wa namna hiyo wameisha, naye akanijibu bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani, "Kaolewe naye wewe basi." Nikamtupia kibweta cha vifungo.

Mdogo wangu ni fundi nguo. Anashonea barazani, mbele ya vyumba vyetu viwili, na mtaa mzima unavaa kazi ya mikono yake. Mama alipofariki aliniachia yeye akiwa bado anaogopa giza. Sasa ana ndevu, na bado nikimwona anatoka bila kofia wakati wa mvua nampigia kelele.

12 Machi

Leo nimefika kwenye neno lenyewe la msimu huu: queer. Nimelisoma siku nzima na sikuona saa zikipita.

Wanaojua wanasema lilisikika kwanza huko Uskoti, kwenye karne ya kumi na sita, na huenda limetoka kwa Wajerumani, ambao kwao lina maana ya kitu kilichokaa mshazari. Huenda, hakuna aliyethibitisha. Waingereza wakalichukua wakalifanya la kitu cha ajabu, kisichoeleweka. Halafu wezi na wahuni wakalitumia kwa noti za bandia. Halafu likawa la mtu anayejisikia vibaya, kizunguzungu, tumbo linacheza. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa wakaanza kuwarushia wanaume wanaopenda wanaume, na likabaki hapo kama jiwe karibu miaka mia. Mpaka wale waliorushiwa wakaliokota wakajiita wenyewe, kwa sauti, na leo kuna vyuo vikuu vinavyolifundisha.

Nilimsimulia mdogo wangu ile habari ya mshazari tu. Akacheka. Akanionyesha sketi aliyokuwa anakata.

"Kitambaa ukikikata mshazari kinavutika, dada, kinalala vizuri mwilini. Ila kinataka mkono mwepesi. Fundi mvivu atakwambia kimeharibika."

Nilitaka kuiandika. Lakini haikuwa na neno ninalolitafuta.

15 Machi

Neno langu limefika mezani. Maana ya ajabu imepita. Ya kujisikia vibaya imepita, kwa sentensi niliyoisikia kwa kondakta aliyekula kitu kibovu. Kwa maana ya tusi Bwana Mkato alikuwa na sentensi nne tayari, zote za kweli, zote zina midomo: kinyozi, jirani, shemeji yake, mtangazaji wa redio. Alizisoma kwa sauti yake ileile ya upole, akisimama kwenye kila mkato. Mkuu aliuliza kinyozi alisemea wapi, kisha zikapita zote. Nilikuwa nakunja kona ya kadi yangu, naikunja na kuikunjua.

Ikabaki maana ya mwisho, ya mtu kujisema mwenyewe bila kujitukana. Mkuu akanitazama.

"Una sentensi?"

"Bado."

"Basi labda kwa Kiswahili haipo. Bila mdomo haiingii."

Bwana Mkato akasema taratibu kwamba pengine ni afadhali, shule zitalalamika. Sikuipenda hiyo "haipo". Watu wapo. Wanaongea Kiswahili. Haiwezekani wawe hawana namna ya kusema.

18 Machi

Nimerudi mapema, mvua ikiwa imeshika kweli. Mdogo wangu alikuwa peke yake barazani, anaunga kola ya shati jeupe. Nikavuta kigoda. Nilimuuliza swali la kazi tu, naapa.

"Hebu nisaidie. Lile neno langu. Zamani lilikuwa tusi, sasa wenyewe wanajiita hivyohivyo bila kuona haya. Kwa Kiswahili mtu wa namna hiyo angejisemaje?"

"Namna ipi?"

"Unajua namna ipi."

Cherehani ikanyamaza. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kijimto cha pini alichofunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto.

"Hajisemi," akasema. "Ananyamaza."

"Na siku akichoka kunyamaza?"

Kisha akanigeukia, na nikaona uso wake ukiwa kama ule wa utotoni alipokuwa ameamua kuruka ukuta.

"Mimi niko hivi, dada, na sina ugomvi na mtu."

Nikamwambia, "Najua, mdogo wangu."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa unarudi shuleni umechaniwa shati."

"Miaka yote hiyo! Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Tukaanza kucheka wote wawili, kicheko cha kijinga kisichokatika, mpaka mama mwenye nyumba akachungulia dirishani kuuliza kama tumerogwa. Mdogo wangu akajifuta macho kwa ile kola, halafu akaruka kujilaumu kwamba amelowesha shati la mteja. Tumekula pamoja kwa sahani moja kama zamani. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Ningependa mama angekuwa hai aone.

Kabla ya kulala nimeiandika sentensi ile nisije nikapoteza hata neno. Ni sentensi safi. Fupi, haina neno la kukopa, mtoto wa shule ataielewa mara moja.

19 Machi

Nimeisoma mezani. Mkuu aliinua kichwa. Nadhani ni mara ya kwanza kumwona amependa kitu.

"Nani kasema, wapi?"

"Mdogo wangu, jana, nyumbani."

Nilijibu kama ninavyojibu siku zote, hata kabla swali halijaisha. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuchukua kadi inayofuata. Nikaona Bwana Mkato anakoroga chai ambayo ilikuwa haina kitu cha kukoroga. Mkuu akaishika kadi yangu, akaitazama, akaigeuza akailaza kifudifudi.

"Hii tuiache kwanza," akasema.

Tukaendelea na question, neno la swali. Bwana Mkato amenifunika mwavuli kama kawaida, na mlangoni kwetu akasema, "Msalimie fundi."

20 Machi

Mvua. Hakuna jipya.

21 Machi

Mvua. Nimejiambia kwamba ofisini kwetu ni watu wazima.

23 Machi

Sijamwambia mdogo wangu. Nitamwambia nini, na kwa nini nimtie hofu ya bure?

25 Machi

Bibi harusi mtarajiwa amekuja na mama yake kuchukua kitambaa chake. Hakijakatwa hata. Mama mtu alisema wamepata fundi karibu na kwao. Wanakaa nyumba ya nne kutoka hapa.

26 Machi

Wengine wawili. Mmoja amechukua suruali yenye mguu mmoja tu uliopindwa. Mdogo wangu anasema ni mvua, watu hawana raha wakati wa mvua.

28 Machi

Nimekwenda bombani mwenyewe. Wanawake walikuwa wanaongea, nilipofika wakaanza kusifia mvua. Nilipogeuka na ndoo, mmoja akasema lile tusi la kwenye sentensi za Bwana Mkato, na mwenzake akajibu kwa jingine nisilolijua. Katika kazi yangu neno nisilolijua ni zawadi. Leo nimelisikia, najua nani kasema na wapi, na sikuliandika na sitaliandika.

29 Machi

Nimemkabili Bwana Mkato kwenye ngazi, Mkuu akiwa hayupo.

"Umemwambia nani?"

Hakujifanya haelewi, hilo nampa.

"Mke wangu tu, dada yangu. Wala si kwa ubaya. Nilimsimulia kama mtu anavyosimulia mambo ya kazini. Nikamwambia, ona, watu wana mitihani ndani ya nyumba zao, na dada wa watu anaibeba kimya."

"Na mkeo?"

Akatazama viatu vyake. "Mke wangu ana shoga zake."

Nilimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu mzima. Alisimama akayapokea yote, hana hata jasho. Nilipomaliza akasema kwa ile sauti yake ya kusomea prufu:

"Lakini mezani uliyetamka ni wewe. Mimi nisingejua."

Nimerudi nyumbani nikilowa, mwavuli wake nimeukataa, na njia nzima nimemchukia, halafu nikaishiwa na wa kumchukia.

2 Aprili

Nimemwambia mdogo wangu. Alikuwa anadarizi tundu la kifungo, kazi pekee iliyobaki, shati la Mkuu wa ofisi yetu, ambaye hajaja kulichukua wala hajatuma mtu.

"Uliisoma kwa sauti?" akauliza.

"Ndiyo."

"Wakauliza nani kasema."

"Ndiyo."

"Ukawaambia."

"Ndiyo."

Akamaliza tundu. Akakata uzi kwa meno.

"Hukuweza kusema mtu tu, mtu mmoja sokoni?"

"Haikunijia," nikasema. Na ndiyo kweli yenyewe. Sikupima nikaamua vibaya. Sikupima kabisa.

Nilitaka anitukane. Akasema, "Nimekuwa nikijihadhari tangu nina miaka kumi na mbili, dada. Hata namna ya kucheka niliipanga." Halafu akaingia ndani akaniacha na cherehani.

3 Aprili

Haongei nami. Ananiwekea chakula, anakula baadaye.

4 Aprili

Mvua. Mtu ameandika kitu kwa mkaa kwenye ukuta wa baraza. Mama mwenye nyumba alikisugua asubuhi na mapema huku akitukana ukoo mzima wa aliyeandika. Sijawahi kufikiria kwamba kuna siku mdomo ule ungenipa faraja.

7 Aprili

Jana sikuandika.

Ilikuwa mchana, mvua imepumzika. Nilikuwa ofisini. Haya mengine nimeyapata kwa mama mwenye nyumba, na mengine nimeyaona mwenyewe nilipoitwa. Walikuja vijana wa mtaa, saba au nane, hawakuficha nyuso. Wawili walikuwa wamevaa suruali alizowapunguzia yeye. Walimwuliza kama ni kweli. Wakamwambia atamke mwenyewe basi, si anajua kujitamka. Walikuwa na sentensi yake, neno kwa neno. Ilikuwa imetoka mezani kwetu ikapita kwa mke wa Bwana Mkato, ikapita bombani, ikafika kwao bila kupungua hata herufi. Sijawahi kuona mfano wetu wowote ukifika mbali namna hiyo.

Walimbeba wakamtupa chini kutoka barazani. Cherehani waliisukumia mtaroni, na mtaro umejaa. Mmoja alimkanyagia mkono wa kulia juu ya ngazi ya saruji, akausimamia kwa kisigino, akauzungusha. Mama mwenye nyumba anasema alisikia mlio akiwa jikoni. Alitoka na sufuria ya maji ya moto na hakutishia, alimwaga. Akamwagia wa kwanza, akasimama juu ya mdogo wangu na kanga yake imefunguka nusu, akawataja mmoja mmoja kwa majina ya mama zao. Wakaondoka wakicheka. Mtaa mzima ulikuwa milangoni.

Nilipofika alikuwa amekaa, ameukumbatia mkono. Hakulia. Aliniuliza kama shati la Mkuu limechafuka.

Tulimpeleka zahanati. Njiani alinishika nguo kwa mkono mzima akasema, "Nimeanguka. Sawa, dada? Nimeanguka kwenye ngazi." Nikasema sawa. Tuliingia. Muuguzi alikuwa mwanamke mchovu, hana ubaya, akautazama mkono akanigeukia mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa mzima.

"Amefanywa nini huyu?"

"Amepigwa," nikasema.

Lilinitoka. Liliniponyoka kabla sijajua kwamba ninaongea. Muuguzi akaweka kalamu chini. Aliyepigwa lazima aje na karatasi ya polisi, akasema, bila hiyo haruhusiwi kumgusa. Nikaanza kusema hapana, ameanguka, akanitazama kwa huruma kama mtu anavyomtazama mwongo asiye na kipaji. Mdogo wangu aliinuka akatoka nje. Polisi wangeuliza kapigwa kwa nini. Nami ningekuwa nimesimama pembeni yake.

Amefungwa mkono na muuza dawa, yule wa kibao cha Bwana Mkato. Alimpa vidonge na akaunganisha vidole kwa vipande vya ubao. Alisema vitapona ila vitakaa upande. Hakutudai maelezo.

8 Aprili

Joto la mwili limepanda. Nimekaa naye.

9 Aprili

Limeshuka kidogo. Mvua.

10 Aprili

Mama mwenye nyumba ameleta uji, akaupiga mezani kwa kishindo kana kwamba tumeuiba. Nimemshukuru. "Usinishukuru," akasema, "mnyweshe." Nimekaa naye nyumba moja miaka sita na kila nilichojua juu yake ni kelele.

13 Aprili

Nimerudi kazini. Bwana Mkato hayupo mezani, ameomba akae chumba cha nyuma na S zake. Mkuu alifunga mlango. Nilidhani ananifukuza.

"Fundi anaendeleaje?"

"Vidole vitatu."

Alikaa. Akasema ile kadi bado anayo. Akasema ndiyo sentensi bora kuliko zote nilizowahi kuleta na kwamba anaona aibu kusema hivyo leo, lakini asiposema leo hatasema tena. Maana ya mwisho haitaingia kwenye kamusi, wachapaji wamekataa na yeye hana nguvu ya kupigana nao. Wataweka ya ajabu, na ya kizunguzungu.

"Na ya tusi?" nikauliza.

"Ya tusi imebaki. Ina mifano."

Nilimtazama mtu huyu niliyemwogopa na kumheshimu, na nikaona mzee tu, kola yake imechakaa, shati lake jipya liko kwetu na damu kwenye mkono. Nikamwuliza kwa nini siku ile alilaza kadi kifudifudi. Akasema alitumaini kwamba hatukusikia. Nikamwuliza kwa nini basi aliniuliza nani.

"Kwa mazoea," akasema.



15 Aprili

Mama mwenye nyumba amekuja kukaa kitandani kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Wapangaji wengine wamemwambia tusipotoka sisi watatoka wao. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi. Nimemwambia nimeelewa. Akasema, "Huelewi. Maji ya moto ninayo, lakini siwezi kukaa jikoni maisha yangu yote." Kisha akalia, tena kwa kelele, kama anavyofanya kila kitu.

17 Aprili

Wale vijana wameifunga kona ya mtaa kwa maneno. Mdogo wangu akitoka hata kwenda chooni tu, mtu anapiga mluzi. Jana jioni mmoja wao alipita taratibu akahesabu madirisha yetu kwa kidole. Wanasema hawajamaliza. Hawasemi kwa kujificha.

19 Aprili

Leo mdogo wangu ameongea nami, mara ya kwanza tangu zahanati ukiacha maji na dawa.

Nilimkuta anajaribu kukunja nguo kwa mkono mmoja. Nikamsaidia bila kuuliza. Mashati manne, suruali, mkasi wake mkubwa ambao hawezi kuushika. Cherehani tuliiopoa mtaroni, imeshika kutu tayari, akasema niiuze kwa wauza vyuma.

"Unakwenda kwa nani?" nikamwuliza.

"Kuna mtu."

"Mtu gani? Mji gani? Nitakufuata mwisho wa mwezi, nipe tu…"

"Dada." Akaketi. Vidole vyake vilikuwa vimetokeza kwenye kitambaa, vyeusi kwa uvimbe. "Nikikwambia niendako watakuja kukuuliza. Na wewe ukiulizwa unajibu."

"Nitakufa kabla sijasema."

"Ndivyo ulivyosema zahanati. Ulisema sawa." Hakusema kwa hasira, ingekuwa hasira ningeshika mahali. Alisema kama anavyosema mteja ana bega moja refu, kitu cha kukishonea tu. "Sikulaumu. Ndivyo ulivyo. Mimi niko vile na wewe uko hivyo."

Nilimwambia yeye ndiye pekee niliyebaki naye duniani. Akasema anajua, na akaweka kichwa chake begani kwangu, kizito, kama alipokuwa anaogopa giza. Nilimwomba anipe namba ya simu tu. Akatikisa kichwa. Nilimwomba aandike barua. Akauonyesha mkono wake, akatabasamu kidogo, akasema atajifunza wa kushoto ila si kwa barua.

Ameondoka saa ya chai, mvua ikinyesha kubwa ili watu wawe ndani. Mama mwenye nyumba alimtolea mlango wa nyuma na kumvika koti la marehemu mumewe. Alivaa kofia bila kuambiwa. Nilisimama dirishani. Pale njia panda kuna kulia na kuna kushoto, na nilipomwona anakaribia nilifumba macho mpaka nilipojua ameshapita.

20 Aprili

Mvua.

22 Aprili

Q imekwisha. Nimeikabidhi.

24 Aprili

Wamekuja leo asubuhi, watatu. Mmoja ana kovu jipya la maji ya moto shingoni. Mama mwenye nyumba alikuwa sokoni. Nilifungua mlango wote, wakaingia wakatazama vyumba viwili, chini ya kitanda, nyuma ya pazia. Kisha yule wa kovu akanisogelea akaniuliza mdogo wangu yuko wapi.

Nikamwambia sijui.

Alinitazama machoni muda mrefu, akaona kuwa ni kweli, wakaondoka.